Mshono wa Herufi A: Vivumishi vya Kiingereza Visivyosahau Asili Yake

Kiingereza kina kundi dogo la vivumishi lenye ukaidi wa pekee. Mtoto akiwa “tall” au “happy”, sifa hiyo unaweza kuiweka baada ya kitenzi, “the child is tall”, au ukaitanguliza mbele ya nomino, “the tall child”, na hakuna atakayeshtuka. Akiwa “asleep”, mambo hubadilika. “The child is asleep” ni sentensi safi, lakini “the asleep child” humkwaruza masikio kila aliyelelewa na lugha hiyo, hata kama hajawahi kufungua kitabu cha sarufi. Hivyo ndivyo yalivyo pia “alive”, “afraid”, “awake”, “alone”, “alike”, “ashamed”, “afloat”, “ablaze” na wenzake: yote yanaanza na herufi a, yote yanaeleza hali, na yote yanagoma kutangulia. Vitabu vya shule huyapanga katika orodha, humwagiza mwanafunzi ayakariri, kisha hupita. Hoja ya makala haya ni kwamba ukaidi huo una historia, na kwamba historia hiyo inaweza kusomwa ndani ya maneno yenyewe. Hoja ya pili ni pana zaidi. Neno hupata tabia yake ya kisarufi kwa njia mbili, kwa damu na kwa malezi; na katika kundi hili, walioingia kwa malezi wanaishika mila ya ukoo sawasawa na waliozaliwa nayo.

Tuanze na damu. Katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa na watu wa Mfalme Alfred aliyefariki mwaka 899, hapakuwa na neno “asleep”. Palikuwa na maneno mawili, “on slǣpe”. “On” kilikuwa kihusishi chenye kazi nyingi kuliko “on” ya leo: kilibeba “katika”, “ndani ya” na “juu ya” kwa pamoja, karibu kama kiambishi chetu -ni kinavyofanya kazi katika “mezani”, “nyumbani” na “moyoni”. “Slǣpe” ilikuwa nomino yenye maana ya usingizi, ikiwa imevaa kiishio -e kwa sababu imetanguliwa na kihusishi. Kwa hiyo mtu wa zamani hizo alipotaka kueleza kwamba mtoto amelala, alisema jambo ambalo Mswahili hulielewa bila mkalimani: mtoto yuko usingizini. “Alive” lilikuwa “on līfe”, yuko maishani. “Afloat” lilikuwa “on flote”, kiko kwenye maji yenye kina cha kutosha chombo kuelea. Hapo ndipo ukaidi unapoanza kueleweka. Kwa Kiswahili hatusemi “usingizini mtoto”, na hata “mtoto usingizini” huacha sentensi ikining’inia. Tunasema “mtoto aliye usingizini”. Mwingereza naye, miaka zaidi ya 1,000 baadaye, akibanwa husema “the child who is asleep”. Analazimika kupita njia ya kirejeshi kwa sababu neno analolitumia lilikuwa kirai cha mahali, na kirai cha mahali hakikuwahi kukaa mbele ya nomino.

Anayedhani kwamba hili ni dai la wanaisimu wenye kuota na alitazame neno “alive” kwa karibu. Nomino yake ni “life”, na konsonanti yake ya mwisho ni f. Kwa nini basi “alive” linaishia kwa sauti ya v? Katika Kiingereza cha Kale f na v hazikuwa sauti mbili zenye kutofautisha maana. Zilikuwa sauti moja yenye nyuso mbili: mwishoni mwa neno ilitamkwa f, na ikibanwa katikati ya irabu mbili ililegea ikawa v. “Līf” peke yake ilikuwa na f. Lakini baada ya “on”, nomino ilipokea kiishio chake cha -e, ikawa “līfe”, na f ikajikuta katikati ya irabu, hivyo ikatamkwa v. Karne zilivyopita, ile -e ya mwisho ilififia na hatimaye ikanyamaza kabisa. Sauti ya v, ambayo kuwepo kwake kulitegemea irabu hiyo, ikabaki pale pale. Kila Mwingereza anaposema “alive” leo anatamka alama ya kiishio kilichokufa, kiishio kilichokuwapo kwa sababu tu neno hilo liliwahi kuwa nomino nyuma ya kihusishi. Ushahidi wa namna hii hauwezi kughushiwa, maana hakuna aliyeukusudia.

“On” nayo iligeukaje kuwa a? Kwa uvivu wa kawaida wa ulimi. Neno dogo lisilo na mkazo hupoteza sauti zake za pembeni, na katika Kiingereza cha karne za kati n ya mwisho ilidondoka mbele ya konsonanti. Ndiyo hali iliyokipata pia kibainishi “an”, ambacho leo ni “a” mbele ya konsonanti. “On slepe” likawa “a slepe”, kisha waandishi wakaliandika kwa kuliunga. Safari hiyo haikwenda kwa mstari mmoja. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kifo cha Stefano kwa “asleep” katika sura ya 7, na kifo cha Daudi kwa “on sleep”, maneno mawili, katika sura ya 13. Kitabu kimoja, tafsiri moja, na hatua mbili za historia zimekaa humo kama mjukuu na babu chini ya paa moja. A hiyo hiyo iliacha nyayo mahali pengine ambapo watu hawaitambui tena. Katika “twice a day”, yaani mara mbili kwa siku, a ile inaonekana kama kibainishi, lakini kwa asili ni “on”. Na Waingereza wa zamani waliposema kwamba mtu amekwenda “a-hunting”, walikuwa wakisema amekwenda mawindoni.

Lakini kuungana kwa maneno mawili hakutoshi kuyafanya yawe kivumishi. Sababu ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo ni kuporomoka kwa upatanisho wa kisarufi. Msomaji wa Kiswahili analo sikio zuri la kuielewa hali hii. Kivumishi cha Kiingereza cha Kale kilipatana na nomino yake kama chetu kinavyopatana: kilibadilika kwa jinsia tatu, kwa umoja na wingi, na kwa kazi ya nomino katika sentensi. “Gōd”, jema, lilikuwa na maumbo kama “gōdne”, “gōdum”, “gōdes” na “gōdra”, jinsi sisi tunavyokuwa na “mwema”, “wema”, “chema” na “vyema”. Katika lugha ya namna hiyo “on slǣpe” haikuweza kumdanganya yeyote. Aliyelala awe mwanamume au mwanamke, mmoja au kumi, maneno yale hayakugeuka, na neno lisilogeuka si kivumishi. Kisha viishio vikaanza kukatika. Alipofariki mshairi Geoffrey Chaucer mwaka 1400, utajiri wote ule ulikuwa umebaki -e moja dhaifu, na baada ya muda si mrefu hata hiyo ikatoweka. Sasa “good” haikubadilika kwa lolote, wala “asleep” haikubadilika kwa lolote, na yote mawili yalifuata kitenzi “is”. Ukuta uliokuwa ukiyatenga ulianguka, na “asleep” likajikuta ndani ya nyumba ya vivumishi bila kupiga hodi. Hebu fikiria viambishi vyetu vya m-, wa-, ki- na vi- vingekufa, ingekuwa shida kiasi gani kumshawishi mgeni kwamba “macho” katika “mtoto yu macho” ni nomino ya sehemu ya mwili na si kivumishi cha kawaida. Sisi bado tunaona mshono. Waingereza walibaki na mshono mdogo sana, herufi moja.

Hapa msomaji makini atainua mkono. Kama sheria inatokana na “on”, tutasemaje kuhusu maneno ya kundi hili ambayo hayakuwahi kuwa na “on” hata siku moja? Na hayo ni mengi. “Afraid” lililetwa na Wanormandi walioiteka Uingereza mwaka 1066. Ni umbo la kutendwa la kitenzi cha Kifaransa kilichomaanisha kutisha, na nyuma yake kabisa kuna neno la Kijerumani la kale la amani, kwa hiyo mwenye hofu, kwa asili, ni mtu aliyetolewa katika amani yake. Ndugu yake “affray” bado yumo katika sheria ya Uingereza kama jina la kosa la kufanya fujo na kutisha watu. “Aware” linatokana na “gewær”, ambamo kiambishi ge- kilisagika hadi kikabaki irabu tupu. “Alike” lina asili ya jinsi hiyo, “gelīc”. “Ashamed” lilianza na kiambishi cha kitenzi ā-, ambacho si “on”. “Awake” ni kifupi cha “awaken”, umbo la kitenzi lililoeleza aliyekwisha amka. “Akin” lilikuwa “of kin”, wa ukoo. Tukihesabu, a hii moja imetoka katika visima visivyopungua vitano, na baadhi ya maneno hayo, kama “gewær”, yalikuwa vivumishi halali tangu mwanzo. Kwa kanuni ya damu peke yake, yangestahili kutangulia nomino bila kizuizi.

“Alone” ndilo linaloonyesha jambo hili kwa uzuri zaidi. Limeshonwa kwa “all” na “one”: mmoja mtupu, mmoja bila nyongeza. Ushahidi tena umo katika sauti. “One” ya leo hutamkwa kana kwamba inaanza na w, lakini matamshi hayo yaliingia baadaye. “Alone” liliungana kabla ya badiliko hilo kuenea, kwa hiyo linaihifadhi irabu ya zamani, pamoja na “only”, lililokuwa “ānlīc”, na “atone”, kupatanisha, ambalo ni “at one” zilizounganishwa. Kiswahili kina pacha wa jambo hili: “peke yake” hukaa baada na hudai kimilikishi chake, ilhali “pekee” hufuata nomino kama sifa ya kawaida, “mtoto pekee”. Sasa, watu walipolisikia “alone” walisahau “all”. Mwanzoni mwa neno walisikia ile ile a ya “asleep” na “alive”, na nyuma yake kipande kinachoweza kusimama. Wakalikata kwa kisu kisicho cha kwake, a + lone, na tangu mwishoni mwa karne ya 14 tunalikuta “lone” likitumika mbele ya nomino kama kivumishi kamili. Katika karne ya 16 likafanyika vivyo hivyo kwa “alive”: a ikakatwa, likazaliwa “live”, lenye irabu ya “alive” na si ya kitenzi “live”, kuishi. Ndilo neno ambalo karne ya 20 ililipa kazi mpya ya kueleza matangazo ya mubashara. Upasuaji huu una maana kubwa. Wasemaji walihitaji neno la kutanguliza, wakaona a ndiyo inayozuia, wakaiondoa a. Hakuna hati yoyote ya sarufi iliyowaambia hivyo. Walikuwa wanaijua sheria kwa masikio.

Kwa hiyo jibu la pingamizi la kwanza ni hili: sheria ilizaliwa na “on”, lakini haikubaki kuwa mali ya “on”. Maneno machache yenye nasaba halisi yalitengeneza kielelezo, na kielelezo kikavuta kila neno lililofanana nacho kwa sura na kwa maana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. “Afraid” na “aware” ni watoto wa kulea waliokulia katika nyumba ya “asleep”, wakashika mila za nyumba hiyo kuliko za kwao. Hata hivyo, damu haikufutika kabisa, na anayetaka kuiona aangalie maneno ya kukoleza. Vivumishi vya kawaida hukolezwa kwa “very”: “very tall”, “very happy”. “Asleep” hulikataa na kudai maneno yake ya zamani, “fast asleep”, “sound asleep”. “Alive” hudai “very much alive”. “Afraid”, “ashamed” na “aware”, ambayo asili yake ni vitenzi na vivumishi, huipokea “very” bila tabu. Yaani katika nafasi ya kukaa yote yanafuata malezi, lakini katika ukolezaji kila moja linakumbuka kwao. Mtu anaweza kusema kwamba tofauti hiyo ni ya maana tu, kwa kuwa hofu ina viwango na usingizi hauna. Lakini usingizi unavyo viwango, la sivyo “fast asleep” isingekuwa na kazi. Kinachokosekana ni ruhusa ya “very”.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wanaisimu wenyewe. Mwaka 1967 Dwight Bolinger alionyesha kwamba nafasi ya mbele ya nomino katika Kiingereza hupendelea sifa za kudumu, zile zinazomtambulisha mtu au kitu, ilhali nafasi ya baada ya kitenzi hupokea pia hali za kupita. Je, si rahisi kusema kwamba “asleep”, “afraid” na “awake” yanakataa kutangulia kwa sababu yanaeleza hali za muda, na historia yote hii ya “on” ni mapambo? Maelezo ya maana yana ukweli wake, na bila shaka ndiyo yaliyosaidia kuliweka kundi pamoja, kwani “on” ilipendelea kutumika na hali za kupita. Lakini hayatoshi peke yake. Mtoto huyo huyo aliyelala anaweza kuitwa “the sleeping child”. Mwenye hofu ile ile, “the frightened child”. Samaki aliye hai, “a live fish”. Hali ni ile ile, ni ya muda ule ule, na neno limetangulia bila kelele. Isitoshe, “alike” halielezi hali ya kupita. Mapacha wanaofanana hufanana maisha yao yote, na bado “alike twins” haisemeki. “Akin” ni hivyo hivyo, maana udugu haupiti. Maana ikiwa sawa na tabia ikitofautiana, sababu itafutwe mahali pengine, na kinachotofautisha “alive” na “live”, “asleep” na “sleeping”, ni umbo.

Pingamizi la tatu linalipinga umbo lenyewe, nalo ndilo linaloijaribu hoja kwa moto. Kama umbo ndilo mwamuzi, mbona “alert” na “aloof” yanatangulia nomino? “An alert guard” ni mlinzi aliye macho; “an aloof manner” ni mwenendo wa kujitenga. Yote mawili yanaanza na a, na ajabu ni kwamba yote mawili yana kihusishi tumboni. “Alert” limekuja kupitia Kifaransa kutoka Kiitaliano, “all’erta”, amri ya kijeshi ya kwenda kwenye mwinuko wa kuangalia adui, kama “alarm” lilivyotoka katika “all’arme”, shikeni silaha. “Aloof” ni neno la mabaharia wa karne ya 16. “Loof” ulikuwa upande wa joshi, unakotoka upepo, na nahodha aliyeamuru chombo kikae “aloof” alitaka omo ielekee upepo ili chombo kisisukumwe kwenye ufuko. Kutoka kujitenga na pwani likawa kujitenga na watu. Kwa damu, “aloof” ni ndugu halisi wa “ashore” na “aboard”, ana haki ya ukaidi kuliko “afraid”. Lakini Mwingereza wa leo akiikata a kwenye “alert” anabaki na “lert”, ambayo si kitu. Akiikata kwenye “aloof” anabaki na “loof”, ambayo alikwisha isahau. Kwenye “asleep” anabaki na “sleep”, kwenye “afloat” anabaki na “float”, kwenye “alone” anabaki na “lone”. Mshono ukionekana, sheria inashika. Mshono ukifutika, neno huweza kuachiliwa huru. Kinachoonekana kama ukiukaji wa sheria ndicho kinachotuambia sheria imekaa wapi.

Patabaki swali la mtoto. Mtoto wa miaka mitatu mjini London hajui Mfalme Alfred wala kiishio cha -e, anajuaje kwamba “the asleep dog” haisemwi? Swali hili limezua mjadala wa kweli katika miaka ya karibuni. Mwaka 2011, katika jarida la isimu liitwalo Language, Jeremy Boyd na Adele Goldberg walieleza majaribio waliyowafanyia watu wazima wanaosema Kiingereza, wakiwapa vivumishi vya kubuni kama “ablim” kueleza wanyama waliowaona kwenye kioo cha kompyuta. Hata neno ambalo halijawahi kuwapo, likiwa na sura ya kundi hili, washiriki walisitasita kulitanguliza. Na waliposikia machache kati ya maneno hayo yakitumika kwa njia ya kirejeshi, kusita kwao kuliongezeka. Mwaka 2015, katika jarida hilo hilo, Charles Yang alipinga maelezo yao ya namna watu wanavyojifunza. Kwake yeye, mtoto hutambua kwamba maneno haya yanakatika kuwa a na shina, na kwamba yanafanana kitabia na maneno ya mahali, hivyo huyatendea kama ya mahali. Mabishano yao yanahusu njia ya kujifunza, na hatuna haja ya kuyaamua hapa. Lenye uzito kwetu ni kwamba pande zote mbili zinakubali sura ya neno ni dokezo analolisikia msemaji. Na kama Yang yuko sawa, basi mtoto, kila kizazi, anaigundua upya “on” iliyozikwa, bila kuambiwa kwamba kaburi lipo.

Haifai kuifanya sheria hii iwe chuma. Ukiliongezea neno mzigo kidogo, hulegea: “a half-asleep child” hupita, na “a wide-awake patient” hupita. Magazeti na mazungumzo ya kila siku hutoa mifano ya hapa na pale inayovuka mpaka, na si ajabu baadhi ya maneno haya yakaifuata njia ya “aloof”. Wakati huo huo kundi halijafunga milango. Muda mrefu baada ya “on slǣpe” kusahauliwa, waandishi waliendelea kutunga “aglow”, lenye kung’aa kwa joto, na “awash”, lililofunikwa na maji, wakiishona a kwenye mashina ambayo ni vitenzi sawasawa na nomino. Hayo hayakuwahi kuwa maneno mawili. Yalitoka kiwandani yakiwa na mshono wa kuchora, na siku ya kwanza tu yalikaa baada ya kitenzi, kama wazee wao. Kihusishi kilichokufa kiliendelea kuzaa.

Mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu anaweza kupata faida ya moja kwa moja kutokana na haya yote. Badala ya kumpa mwanafunzi orodha, anaweza kumpa jaribio ambalo Kiswahili kimemtayarishia: ikate a; kikibaki kipande unachokijua, lisome neno kana kwamba linabeba -ni yetu, na ulitumie pale ambapo ungesema “aliye”. Aliye usingizini, aliye macho, aliye hai, aliye peke yake. Mwanafunzi atakuwa anafanya, kwa kujua, kile anachofanya mwenye lugha kwa mazoea. Naye atakuwa amejifunza jambo ambalo wenyeji wengi wa Kiingereza hawalijui kuhusu lugha yao: kwamba herufi moja isiyo na mkazo, isiyo na maana kwa yeyote anayeitamka, bado inaamua neno likae wapi, kwa sababu zamani ilikuwa neno kamili lenye kazi ya kuonyesha mahali.